Dagaa Juu ya Paneli

Siku ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kanisani. Haya, chekeni. Kituo cha kufua umeme kwa mitambo ya dizeli pale Mwanza sakafu yake ilikuwa imelowa mafuta, na msimamizi wa zamu, mzee mmoja mwenye sauti ya kushinda mashine, alinitazama toka juu mpaka chini. "Binti, umekuja kazini au harusini?" Akanipa mabuti ya kiume, nikayajaza matambara ili yanitoshe. Yeye ndiye aliyenifundisha dizeli, nami nikaipenda. Mume wangu alilalamikia harufu yake mpaka akachoka mwenyewe.

Ninyi mnaobonyeza swichi bila kufikiri hamjui tulivyoishi. Mafuta yalitoka nchi za watu, yakashuka bandarini, yakasafiri nchi nzima mpaka kwetu. Yakikwama popote, tunakaa gizani na mashine nzima kabisa! Hilo lilikuwa likiniudhi vibaya sana. Mashine ikiharibika nitaitengeneza, lakini mafuta nitayatengenezaje?

Baadaye nilihamishiwa Geita, na nikiwa mtu mzima nikapelekwa kisiwa kimoja upande wa Ukerewe, kutunza jenereta ya kijiji. Huko mafuta yalikuja kwa boti. Boti isipofika, friji ya chanjo pale zahanati inapata joto, na nesi anazifunga chanjo kwenye boksi la barafu kuzivusha ng'ambo. Akina mama wanarudi nyumbani na watoto wao vilevile walivyokuja. Niliwaona wakipita mlangoni kwangu, nikatamani ardhi inimeze.

Ndipo Meneja wa Kanda akatuletea sola. Alikuwa mhandisi, mtu wa haki, asiyezunguka maneno. "Bi Kabula, jenereta naiacha bandani. Nikirudi nikakuta sola imeshindwa kubeba zahanati, nawasha jenereta na paneli nazipeleka kisiwa kingine."

"Haitashindwa, Meneja," nikajibu kwa kujiamini.

Mwanzoni mambo yalikuwa shwari. Kisha betri zikaanza kuishiwa mapema, na jua linawaka kama kawaida. Nikakaza nyaya, nikafungua inverta, kile chombo kinachogeuza umeme wa betri uwe huu wa nyumbani. Sikuona kasoro. Nesi akaja amekunja uso. "Mama, friji imeanza kupata joto tena."

Paneli nilizoea kuzikagua alfajiri, kiza hakijaisha vizuri. Siku hiyo nikaenda saa za mchana. Mungu wangu! Paneli zote zimetandazwa dagaa, na Mama Nyangeta, kiongozi wa wanawake wanaokausha dagaa, anawageuza kwa ufagio.

"Mama Nyangeta! Mnafanya nini?"

"Si unaona? Tunaanika."

"Juu ya umeme?"

"Umeme uko huko kwenye waya, dada. Hapa ni kioo tu. Hakina mchanga, kimeinama, maji yanachuruzika yenyewe. Halafu si ni wewe uliyesema mkutanoni kwamba hivi vitu ni vya kijiji?"

Nilifoka mpaka koo likauma. Wakaondoka wamenuna, na kesho yake wakaingia kwa nyuma ya uzio. Nikaona kelele hazinisaidii. Nikamwita Mama Nyangeta peke yake, nikamwonyesha mita ya umeme unaoingia kwenye betri, nikatandaza kanga yangu juu ya paneli. Mshale ukashuka. Nikaiondoa, ukapanda. Akaichukua kanga, akajaribu mwenyewe.

"Kumbe linalolisha friji ni jua lenyewe?"

"Ndiyo hilo hilo. Na ninyi mnalifunika."

"Loo! Na mjukuu wangu anachanjwa Alhamisi hii!" Kisha akanikazia macho. "Sasa sisi dagaa wetu tuwaanike wapi? Tuwarudishe mchangani?"

Swali la haki kabisa. Tukajenga vichanja vya miti na nyavu kuukuu, nyuma ya paneli pasipotia kivuli. Wanawake wakajitolea kuosha paneli kila asubuhi, maana mafuta ya dagaa yalikuwa yameganda na ndege wamefanya mambo yao.

Meneja alirudi Alhamisi hiyohiyo. Akasogelea paneli, akanusa. "Bi Kabula, mbona zinanuka dagaa?" Sote tukageuka kutazama ziwa. Akapima betri, akaenda zahanati, akakuta friji baridi na foleni ya akina mama imetoka nje ya mlango. "Pakieni jenereta kwenye boti," akasema.

Sasa nimestaafu, niko Buswelu, nafuga kuku na afya ninayo. Kazi yangu niliifurahia, sina kinyongo nayo. Vijana huniuliza kama niliumia kuona mashine niliyosomea ikipelekwa. Niliumia, sana tu. Boti ilipoondoka nililia waziwazi pale ufukweni. Mama Nyangeta akaja kusimama nami, mjukuu mgongoni amedungwa sindano muda huohuo, anapiga kelele kunishinda mimi, na bibi yake anacheka mpaka kanga inamlegea.