Pombe ya Kuondoa Msiba wa Mama

Kwetu msiba hauishi kwa kuzika. Unaisha siku watu wanapokunywa pombe ya kuuondoa, na yule aliyewanywesha siku hiyo ndiye anayehesabiwa kuwa ameushika mji wa marehemu. Hakuna anayesimama kulitangaza jambo hilo. Watu hunywa, hushukuru, hujipangusa midomo na kuondoka. Kesho yake wakipita njiani wanautaja mji ule kwa jina la aliyewapa pombe.

Baba alitangulia. Mama alimfuata baada ya msimu mmoja wa pamba, kwa maradhi ambayo miaka ile watu waliyazunguka kwa maneno bila kuyagusa. Nilibaki na wadogo zangu watatu, wavulana wawili na msichana mdogo ambaye bado alikuwa akimtafuta mama nyuma ya mlango. Nilikuwa na miaka kumi na minane, lakini nilikuwa kidato cha pili tu katika shule ya bweni, kwa sababu nilichelewa kuandikishwa. Siku zile Bariadi ilikuwa wilaya ya mkoa wa Shinyanga, na shule za sekondari zilikuwa za kutafuta.

Bibi yetu, mama yake baba, aliishi nasi. Macho yake yalikuwa yamefifia na magoti hayakumbeba tena, lakini masikio yake yalisikia hata lililosemwa kwa jirani. Siku moja aliniita jikoni.

"Ng'wanone, mwanangu, loweka uwele."

"Wa chakula, bibi?"

"Wa kimea. Baba yako mdogo anakuja Jumamosi kuwagawa. Akikuta chungu kimejaa atagawa kwa taabu. Akikuta jiko baridi atawapakia kama mitumba."

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa dereva wa kampuni mojawapo ya zile zilizokuja kununua pamba biashara ilipofunguliwa. Ilikuwa miaka ya ruksa. Zamani pamba ilikwenda kwenye chama cha ushirika tu, kisha ghafla kila njia panda ikawa na mizani na mtu mwenye kalamu. Yeye aliyapanda magari hayo mapema, akapata nyumba ya kupanga Mwanza, akaokoka. Mpango wake aliutuma kwa mdomo kabla hajafika: wavulana angewachukua yeye, mdogo wetu wa kike angekwenda kwa shangazi kule Mkula, bibi angefuata ng'ombe popote watakapokwenda. Mimi nilikuwa nimekwisha kuulizwa uchumba na watu fulani wenye mifugo. Kila mmoja wetu alikuwa na pa kulala katika mpango ule. Ila hapakuwa na mahali ambapo tungelala sote.

Nililoweka uwele, nikautandaza juu ya magunia, nikaufunika kwa majani na kuunyunyizia maji. Ulichipua vizuri, vimizizi vyeupe vikashikana kama nywele. Shida ilikuja kwenye kukausha. Mawingu yalikaa juu yetu bila kunyesha wala kuondoka, na kimea kisichokauka vizuri hakisagiki, kinageuka donge. Nilingoja. Nilipokisaga na kukichanganya na uji uliokwisha chacha, nilijua nimechelewa kwa siku moja. Pombe ingekuwa changa. Bibi alichovya kidole, akalamba, akakipangusa kwenye kanga yake bila kuomba tena.

Jumamosi watu walijaa uani. Mwenye kauli alikuwa babu mdogo, ndugu yake babu yetu, mzee mfupi aliyenitania tangu nilipoanza kutembea, kama babu anavyomtania mjukuu.

"Mwadila, mke wangu," alinisalimu kwa Kisukuma alipoingia. "Nasikia umenipikia. Au umeipikia harufu tu nije bure?"

"Keti kwanza, babu. Mume mwenye njaa hachagui."

Alicheka, akaketi. Kisha gari la kampuni likaingia, na baba mdogo akashuka na boksi. Aliliweka chini kwa uangalifu mbele ya wazee. Ndani mlikuwa na chupa sita za rangi ya kahawia, zenye karatasi za maandishi ya Kiingereza. Alieleza kwamba kwenye kiwanda kipya cha kuchambua pamba kulikuwa na fundi Mwingereza aliyekuja kufunga mashine. Fundi huyo aliposikia dereva wake amefiwa na shemeji, alitoa bia zake mwenyewe, bia za kwao, zilizotoka kwao kwa meli.

"Amesema ni bia ya kimea, ya wazee wa kwao," baba mdogo alisema. "Amesema tena isiwekwe kwenye barafu."

"Barafu tungeitoa wapi?" babu mdogo aliuliza, na watu wakacheka. "Lakini huyo anajua pombe. Pombe baridi ni ya watu wanaoogopa kuionja."

Baba mdogo hakucheka. Aliomba bia zile ziwe ndizo pombe za kuondoa msiba wa mama. Alilisema kwa heshima, kofia mkononi, na kila aliyekuwepo alielewa anaomba nini. Wakizipokea, yeye ndiye ameushika mji, na mpango wake unapita.

Babu mdogo akaagiza kibuyu kikubwa. Chupa zikafunguliwa zote, zikamiminwa humo pamoja, maana wazee hawakuona namna ya watu wa msiba mmoja kunywa kila mtu na chupa yake. Povu lilipanda kidogo, likatulia mapema. Rangi ilikuwa ya chai ya rangi iliyokolea.

"Haya," babu mdogo akamwambia baba mdogo. "Onja."

Hiyo ni desturi. Aliyeleta pombe hutangulia kuinywa, watu waone hajaweka kitu. Kwenye msiba kama wetu, ambapo wapo walionong'ona kwamba mama hakufa kwa mkono wa Mungu, hakuna ambaye angenywa kabla ya hapo.

Baba mdogo alirudi nyuma hatua moja. "Mzee, mimi nimeokoka. Sinywi."

"Umeokoka na pombe umeleta? Hiyo ni kama mtu aache wizi lakini aendelee kuwaonyesha wenzake mlango."

"Chupa zilikuwa zimefungwa, mzee. Mmeziona."

"Hata kaburi linafungwa. Nani anajua kilichomo?"

Vicheko vilikatika haraka. Baba mdogo alitazama huku na huku, akaniona nimesimama karibu na vyungu vyangu. "Basi aonje mtoto wa marehemu kwa niaba yangu," akasema. "Huyu hatanitetea, na wote mnajua."

Babu mdogo alinitazama kwa muda, bila utani. "Njoo. Onja, halafu utuambie kilichomo."

Nilipiga magoti, nikashika kibuyu kwa mikono miwili. Nilinusa kwanza, kama mama alivyonifundisha, maana pombe iliyoharibika inajisema yenyewe kabla haijafika mdomoni. Nilisikia harufu ya kimea kilichokaangwa taratibu, kama ganda la mkate, na nyuma yake kitu kama sukari guru. Nikanywa. Ulikuja utamu kwanza, lakini si wa sukari. Ulikuwa utamu wa nafaka iliyochipuka vizuri ikakaushwa kwa wakati wake, ule utamu ambao mimi mawingu yalininyima. Kisha, nilipokuwa nimekwisha kumeza, uchungu ukaanza nyuma ya ulimi, ukaenea polepole. Haukuwa na ukali wa mwarobaini. Ulikuwa uchungu mkavu, uliosafisha mdomo na kuuacha ukitaka tena. Haikuwa na ule uchachu wa pombe yetu wala uzito wake. Lakini aliyeipika alikuwa ametazama jiko lake kama sisi tunavyolitazama.

Nilipoinua uso, watu wote walikuwa wamenigeukia. Bibi alikuwa ameuelekeza uso wake upande wangu na mdomo wazi kidogo. Nilijua neno moja lingetosha. Ningesema ni chungu kama dawa, na katika uwanja ule hakuna ambaye angeigusa. Ingemwagwa nyuma ya zizi na mambo yakaishia hapo. Lakini ningekuwa nimemwambia kila mtu pale kwamba ndugu yake baba ameleta dawa kwenye msiba wa mama. Mji unaoanza kwa kumsingizia mtu hivyo hausimami. Siku moja wenyewe wa humo wataanza kuangaliana chakula kikipakuliwa.

"Sema, mke wangu," babu mdogo alisema. "Ni nini?"

"Ni pombe," nikasema. "Kimea chake hakikuungua wala hakikunyonya maji. Uchungu wake ni wa majani, si wa dawa. Imepikwa na mtu mvumilivu. Ni nzuri."

Baba mdogo aliinamisha kichwa. Alisema kwa sauti ndogo kwamba fundi alimweleza hivyo hivyo, kwamba kwao hutia maua ya mmea unaotambaa.

Kibuyu kikazunguka. Wazee walionja, wakatikisa vichwa, mmoja akasema uchungu ule unamkumbusha mke wake wa kwanza. Kisha babu mdogo akaomba yangu. Nilimchotea kwenye kata, nikatangulia kuonja mbele yake, nikampa. Alinywa kwa makini, akaizungusha mdomoni.

"Hii bado inanyonya," akasema. "Ya chupa imeishinda."

Ilikuwa kweli. Baba mdogo aliinuka, akavaa kofia yake, akaanza, "Basi, wazee wangu, kama ni hivyo, naomba niseme juu ya watoto..."

"Waliochimba wamekunywa?" bibi aliuliza.

Alikuwa hajasema neno tangu asubuhi. Watu waligeuka. Vijana na wanaume waliochimba kaburi la mama walikuwa wamekaa upande wa zizi, kama kawaida, wakingoja wazee wamalize. Walikuwa wengi, maana ardhi kule kwetu kiangazi ni kama tofali na watu hubadilishana majembe. Nyuma yao walikuwapo wanawake waliochota maji siku zote za msiba, na wengine walikuwa bado wanaingia kutoka vijiji vya jirani.

Babu mdogo aliinamisha kibuyu. Lilitoka tone.

"Imeisha," akasema.

Baba mdogo alitazama ndani ya boksi, ingawa alijua. Nadhani aliona wakati uleule sisi sote tulichokiona. Mjini watu hupeleka zawadi, na zawadi ndogo inatosha kwa sababu ni zawadi. Alikuwa amekaa mjini kiasi cha kusahau kwamba hii haikuwa zawadi.

"Mwanangu," babu mdogo akamwambia, "pombe yako ni nzuri. Sijawahi kunywa nzuri hivyo. Lakini msiba hauondolewi na wazee peke yao. Unaondolewa na aliyeshika jembe. Hawa utawapa nini?"

Baba mdogo alilifunga boksi. Babu mdogo akanigeukia. "Wape."

Nilichota. Niliwapa waliochimba kwanza, nikiitangulia kila kata kwa kuionja, mpaka kichwa kikawa chepesi. Walinywa na kulalamika. "Dada, hii ungeiacha ilale tena." "Nyamaza, wewe yako ungeipika lini?" Walilalamika na kurudisha kata ijazwe. Wanawake wakanywa. Waliokuja mwisho wakanywa. Vyungu vilifika chini jua likiwa limeinama, na hakuna aliyeondoka mkavu. Wakitoka walipita mbele yangu mmoja mmoja wakishukuru, "wabeja", na mimi nilipokea kila neno nikiwa nimepiga magoti, maana nilijua ninachopewa.

Kabla ya kuondoka baba mdogo alinikuta nikifagia uani.

"Ungeweza kusema ni chungu," alisema.

"Ilikuwa nzuri, baba."

Aligeuza funguo za gari mkononi. Kisha akauliza, "Na shule yako?"

Wazee walikuwa wamekwisha kulisema hilo, bila ukali. Watoto wabaki, ng'ombe wabaki, lakini mwenye mji halali bweni. Nilimjibu kwamba nimesikia.

"Ungekuja nao Mwanza, wote wanne, labda..."

"Nyumba yako ina vyumba viwili, baba. Na bibi hatatoka hapa."

Alifungua mlango wa gari, akaufunga, akarudi. Alisema msimu wa kupalilia atakuja kutusaidia, na kwa kweli alikuja, miaka yote mpaka mgongo ulipomkataa.

Jumatatu niliwaamsha wadogo zangu gizani. Niliwapa michembe ya viazi vitamu vilivyokaushwa na uji. Mdogo wetu wa kike alikuwa hajafikia umri wa shule, lakini alilia akitaka kwenda na kaka zake, nikambeba mpaka njia panda. Wavulana walitangulia kidogo, kisha mkubwa wao akageuka.

"Dada, wewe huendi?"

"Nendeni," nikasema. "Mtanikuta."

Nilisimama na mtoto mgongoni mpaka mashati yao meupe yakapotea kwenye mtama. Kisha nikarudi kuwafungulia ng'ombe.