Injini ya Mia

Nikisikia mwanaume akisema "mambo ya injini", damu inanichemka. Pikapu ilikuwa yangu. Niliinunua kwa jasho langu, kwa kutoa samaki ufuoni Luanda Kotieno na kuwauza sokoni Kisumu.

Injini ilipokufa, mume wangu na shemeji walinipeleka kwa muuzaji wa injini za mitumba, kisha wakaniambia nikae kwenye benchi. Kwetu ndivyo: pesa za mama, mazungumzo ya wanaume.

"Hii yenu ya zamani ilikuwa tisini," muuzaji akawaambia. "Hii ni mia. Mtapaa!"

Nikauliza palepale kwenye benchi, "Mia nini? Na tisini nini?" Kule ufuoni hakuna mtu ataniambia arobaini halafu anyamaze. Arobaini kilo, au arobaini beseni? Wakacheka. Shemeji akasema, "Mama, mia ni mia. Wewe shughulikia samaki." Mume wangu naye akacheka. Yawa! Mume wangu mwenyewe!

Tisini ilikuwa kilowati. Mia ilikuwa nguvu za farasi. Kilowati moja ni farasi mmoja na theluthi, kwa hivyo injini yangu iliyokufa ilikuwa na farasi mia na ishirini. Tulitoa mia na ishirini, tukaweka mia, na tukasema asante. Nilijua hayo baadaye, kwa kutafuta kwenye simu yangu, lakini injini ilikuwa imeshafungwa. Nilipomwonyesha mume wangu, akasema simu hudanganya.

Safari ya kwanza na mzigo, kilima cha kwanza tu, pikapu ikalia ikasimama. Mume wangu hata hakushuka. Alitoa kichwa dirishani: "Punguza barafu, Mama. Umejaza sana."

Nimejaza sana! Mzigo ule ule tuliobeba siku zote! Nilichukua koleo nikamwaga barafu kando ya barabara, nimefura kwa hasira, nikijua vizuri ninachomwaga. Pikapu ikapanda.

Kufika Kisumu, jua lilikuwa kali. Mama mwenye hoteli, mteja wangu tangu nianze biashara, alifunua shavu la samaki akatazama ndani. Wekundu ulikuwa umeisha. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Alifuta vidole kwa leso, akaenda meza ya jirani yangu, na hadi leo hununua pale.

Mume wangu alikuwa amesimama kando yangu, akimweleza shemeji kwa simu kwamba injini iko sawa kabisa, shida ni mama na barafu yake.