Mwendo wa Bibi

Fundi viatu hakuwahi kuwa mtu wa maneno, na tangu mkewe afariki hata yale machache aliyokuwa nayo yalimkauka. Ukimuuliza hali, atakwambia, "Tupo." Ukimpelekea kiatu, atakigeuza, atabonyeza soli, aseme, "Njoo kesho," au, "Hiki basi tena."

Jumapili moja alasiri mjukuu wake wa kike alimkalisha sebuleni mbele ya kompyuta. Pembeni alikaa shangazi wa binti, na kinyozi wa nyumba ya pili. Binti alikuwa ametengeneza video ya muziki kwa ajili ya somo la vyombo vya habari. Wimbo ni wa wanafunzi wenzake, unaomlilia mtu aliyeondoka. Kesho yake kazi inakwenda kwa mwalimu, lakini kwanza watu waitazame, waseme palipolegea, naye aparekebishe.

"Msinionee haya," aliwaambia. "Semeni ubaya wake. Mkinisifu tu, mwalimu ataniambia nimewauliza ndugu zangu."

"Kwani umemuuliza nani?" kinyozi akasema.

Binti akamwinamia babu yake. "Mume wangu, bibi yumo humu. Nilimrekodi kabla hajaugua. Ukisema nimtoe, namtoa."

Fundi akaitazama kompyuta.

Video ikaanza. Msichana anaimba kando ya kamba ya nguo. Mlango unafunguka, hatoki mtu. Halafu akatokea bibi mwenyewe, beseni la nguo mbichi kiunoni, anakatiza uani. Anageuka, anaiona kamera, anacheka, anaifukuza kwa mkono. Yote hayo taratibu, taratibu, pindo la gauni likipanda na kushuka, matone ya maji yakining'inia hewani.

Ilipokwisha, binti akashika kalamu.

"Mama yangu alikuwa na moyo," shangazi akasema.

"Hakuwahi kunipita bila salamu," kinyozi akadakia. "Mungu amrehemu."

"Amina."

"Jamani, mimi nauliza video!"

"Video nzuri," kinyozi akasema. "Na marehemu naye alikuwa mtu mzuri."

"Sauti je, shangazi?"

"Sauti yake? Akikuita unaisikia mpaka barabarani."

Binti akashusha kalamu. Ameomba kukosolewa, anapewa pole. Kinyozi alikwisha kukunja mikono mapajani, kama aliyekuja msibani.

"Rudisha," fundi akasema.

Akarudisha. Bibi akakatiza uani tena, taratibu.

"Mbona anatembea hivyo?"

"Nimepunguza mwendo, babu. Ili iwaguse watu."

"Siku hiyo alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Alikuwa mzima kabisa."

"Huyu anaumwa."

Miezi ya mwisho bibi alikuwa akitembea hivyohivyo, mkono ukutani, na fundi nyuma yake kabeba kiti, asijue atachoka wapi. Kabla ya hapo hakushikika. Wakienda sokoni yeye yuko mbele, mume anahema nyuma, anamuuliza, "Wewe unakimbizwa na nani?" Na yeye hupenda kumjibu, "Na wewe. Ila hunipati."

"Baba," shangazi akasema, "mtoto kahangaika. Usimvunje moyo."

"Kaomba mwenyewe."

Binti akamgeukia babu. "Kwa hiyo nimtoe?"

Kinyozi alikuwa anataka kukohoa, akajizuia. Fundi akajikuna kidevu, akatazama ile picha iliyoganda, mkewe na mguu mmoja juu.

"Mwache. Ila atembee mwendo wake."

Binti akabonyeza hapa na pale. Wakatazama tena. Bibi akatokea, akakatiza, akacheka, akapunga mkono, huyo, kapita. Shangazi akacheka bila kutaka. Wimbo ulikuwa bado unaendelea, na kwenye kioo umebaki ua mtupu na mchirizi wa maji chini, beseni lilipodondosha.

"Sasa pameingia pengo," binti akasema. "Ubeti mzima, babu. Nijaze nini?"

"Jiweke wewe unalia," kinyozi akashauri.

"Akilia huyu, watu wataizima video," shangazi akasema.

Binti hakucheka. Alikuwa anamtazama babu.

"Usijaze," fundi akasema.

"Mwalimu atasema nimeishiwa picha."

"Huenda."

Binti akafikiri, kisha akaandika kwenye tathmini ya kazi yake: mtazamaji mmoja ameona mwendo wa polepole unamfanya mhusika aonekane mgonjwa, nimeurudisha, pengo limebaki.

Alama zilipotoka hazikuwa za kupigiwa vigelegele. Mwalimu aliisifu tathmini, akakata alama pale palipokuwa patupu. Binti alimfuata babu yake kibandani, akamweleza.

"Umeudhika?" fundi akamuuliza.

"Kidogo."

Fundi akaweka sindano chini, akaomba aione tena video kwenye simu ya binti. Bibi akakatiza uani, akacheka, akapita. Fundi akaendelea kuutazama ua mtupu, hadi wimbo ukaisha.