Uji wa Siku ya Mtihani

Marehemu dada yetu, Mungu amlaze pema, alifundisha darasa la kwanza mpaka chaki ikamkausha vidole. Alikuwa na mtindo wake: hakumwita mtoto kusoma ubaoni kabla uji wa shule haujagawiwa. Alijua wengi walitoka kwao na maji matupu tumboni.

Shule iliponunuliwa na mwekezaji, kitu cha kwanza kufutwa kilikuwa uji. Kisha meneja mpya, bwana mmoja wa tai na manukato, akatangaza mtihani wa asubuhi. Atakayeshindwa kusoma aondoke, nafasi apewe mwenye ada.

Dada alimhofia zaidi Kasuku, binti wa mama mfua nguo, aliyeitwa hivyo kwa kuwa hafungi mdomo. Kusoma alisoma, ila akishiba.

Basi siku ya mtihani dada akapika uji kwake, mzito, wa maziwa na sukari, akawanywesha watoto nje ya ukuta wa shule.

"Mwalimu, niongeze!"

"Kunywa, mwanangu. Leo hakuna kipimo."

"Basi leo nasoma mpaka meneja aombe poo!" alisema Kasuku, na wenzake wakaangua kicheko.

Maskini dada, hakuwaza kwamba tumbo lililozoea utupu, likijazwa ghafla, huita usingizi. Watoto waliitwa mmoja mmoja, na chumba kilikuwa na joto. Zamu ya Kasuku ilipokaribia, kichwa chake kilikuwa kimelala juu ya dawati. Dada akainuka.

"Usimguse, Mwalimu," meneja akasema. "Hapa hakuna kubebana."

Alipoamshwa, Kasuku aliukodolea macho ukurasa kama anayetazama ukuta. Hakutoa hata herufi moja.

Jioni mama yake akaja, vidole vimekunjamana kwa sabuni.

"Mwalimu, kumbe mwanangu hajui kusoma?"

"Anajua, mama. Nilimshibisha, akalala."

"Ungemwachia njaa yake tu. Ile kaizoea."

Hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka, basi.

Usiku ule dada akapiga magoti kumwomba Mungu, maneno yakamgomea. Kesho yake akaingia darasani, akaandika herufi ubaoni, na watoto wageni wenye ada na soksi nyeupe, waliochukua nafasi za akina Kasuku, wakaitikia kwa sauti za watu walioshiba. Alifundisha hivyo mpaka Mola alipomchukua.