Tulipoulizwa Mara ya Pili

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko na kwa makosa ya tahajia. Nilisoma shule ya msingi tu, kwenye kambi ya wakimbizi Kenya, na hapa Juba Kiswahili chetu kinachanganyika kila siku na Kiarabu cha sokoni, kwa hiyo maneno mengine nimeyaandika kama ninavyoyasikia. Mwandiko ni mbaya kwa sababu ya vidole. Naandika mistari michache, napumzika, naandika tena. Atakayechapa kurasa hizi namwomba awe na subira.

Nina ugonjwa wa baridi yabisi. Watu wengi hudhani ni ugonjwa wa bibi na babu, lakini mimi ulinianza nilipokuwa namaliza shule, kwenye vidole, kisha vifundo vya mikono, kisha magoti. Asubuhi ndiyo mbaya. Naamka vidole vimekaza, na mpaka jua lipande siwezi kufungua hata mfuniko wa chupa ya chai. Mchana ukinikuta njiani utaniona natembea vizuri, utafikiri asubuhi nilikuwa mvivu. Siwezi kukulaumu. Ugonjwa huu hauna kidonda cha kuonyesha.

Tunaishi Gumbo, ng'ambo ya Nile, mimi na mama. Yeye anauza maharage, unga na sukari kwenye soko la Sherikat, na mimi humsaidia siku ambazo mikono inakubali. Vidonge vyangu tunavichukua kwenye kliniki moja upande wa Kator, ambako daktari wa viungo huja siku maalumu. Dukani vidonge hivyo hatuviwezi, kwa hiyo kliniki ile kwetu ni kama mto. Ikikauka, tumekwisha.

Siku moja tulimkuta pale mwanamke mrefu mwenye miwani, mtu wa kwetu aliyekulia Kenya. Alikuwa na bahasha ya karatasi. Tulimwita Sista, ingawa sina hakika kama alikuwa muuguzi. Alitueleza kwamba kuna karatasi ya maswali iliyotungwa nchi za mbali kwa ajili ya watu wenye ugonjwa wetu. Haiulizi damu wala mifupa, inaulizia maisha yako: unalala vipi, unavaaje, unafanya kazi gani na ipi imekushinda. Sasa ilikuwa imewekwa kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, lakini kabla madaktari hawajaitegemea, ilibidi ijulikane kama hapa Juba inauliza kile inachouliza kule.

Tulikaa kwenye benchi watu watatu: mimi, mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori, na mwanamke Mganda anayepika chapati. Sista akasoma polepole.

"Je, unaweza kufungua na kufunga bomba la maji?"

Mzee akamtazama. "Sista, nionyeshe kwanza hilo bomba. Bomba lenye maji hapa Juba, mimi nitalifungua hata kwa meno."

Tulicheka sana, hata mimi ambaye kwa kawaida hucheka kwa ndani. Sista naye alicheka, lakini kalamu haikusimama. "Kwako maji yanatoka wapi, Mzee?"

"Kwenye pipa. Lori la maji linajaza pipa, mimi nachota."

"Kuchota kunakushinda?"

"Kuchota nachota. Kuinua ndoo ikishajaa, hapo ndipo naita wajukuu. Na wajukuu wa siku hizi, mpaka uwaite kama unauza mnada."

Sista akaandika pembeni mwa swali, mambo ya ndoo na mambo ya pipa. Palipoulizwa kuhusu kuingia na kutoka kwenye gari, mwanamke wa chapati alisema gari hana, lakini kupanda boda kunamtesa kwa sababu lazima aupitishe mguu juu. Hilo nalo likaandikwa. Kila baada ya swali Sista alisema, "Niambieni kwa maneno yenu, swali hili limeuliza nini?" Nilikuwa nimeshaona watu wengi wenye karatasi maishani mwangu. Huyu alikuwa wa kwanza kuniuliza kama karatasi yake ina akili.

Kisha akasoma, "Je, umejisikia kuwa mzigo kwa familia yako?"

Hakuna aliyetania. Mzee alitazama viatu vyake. Sista akasema kwa upole kwamba kama swali hili halifai tunaweza kuliruka.

"Usiliruke," mwanamke wa chapati akasema. "Hilo ndilo swali."

Baadaye Sista alituita mmoja mmoja chumbani kwa majibu yenyewe. Lile la mzigo nilijibu "hapana", maana siku hizo mwili ulikuwa mzuri. Mwisho kulikuwa na mstari mrefu uliochorwa kwenye karatasi. Mwanzo wa mstari ni kutokuwa na maumivu kabisa, mwisho wake ni maumivu makali kuliko yote, nawe unaweka alama pale ulipo. Niliweka yangu karibu na mwanzo. Akanishukuru, akasema nirudi baada ya wiki mbili aniulize maswali yaleyale.

Nilipomwambia mama, aliweka chini sahani aliyokuwa anaosha.

"Yaleyale?"

"Yaleyale."

"Basi kaa chini. Niambie yote vile ulijibu."

Ili mmwelewe mama lazima niwaambie habari ya kambini. Tulipofika tuliulizwa tuko wangapi, baba yuko wapi, tulipita njia gani. Baada ya muda mtu mwingine alikuja akauliza tena. Jirani yetu mmoja mara ya kwanza alisema mumewe amekufa, mara ya pili akasema hajui aliko. Yote mawili yalikuwa kweli kwake, kwa sababu kuna siku alikuwa na tumaini na kuna siku hakuwa nalo. Lakini kadi yake ya chakula ilisimamishwa, na watoto wake wakawa wanakula kwetu. Tangu hapo mama alitufundisha kwamba jibu la kwanza ndilo jibu. Ulichosema umesema, kalas, imekwisha.

Kwa hiyo kila jioni alinihoji kama ndiye Sista. Vifungo? "Kwa shida kidogo." Ngazi? "Bila shida." Ule mstari ulimsumbua, maana hauna maneno. Akachora mwingine kwa mkaa kwenye kipande cha boksi, nami nikamwonyesha. Akapima kwa vidole vyake, kisha kwa vyangu. "Vidole viwili kutoka mwanzo. Usisahau."

Kabla wiki hizo mbili hazijaisha, kifundo cha mkono wa kulia kilivimba. Sikuweza kushika kikombe. Mama alinivalisha nguo, akanichana nywele, akaniloweka mkono kwenye maji ya moto, na wote wawili tuliuona ukizidi kuwa mnene.

"Mama, mkono umebadilika," nilisema.

"Mkono umebadilika. Majibu hapana." Halafu akaongeza bila kunitazama, "Wakisema umedanganya, wakitoa jina yako, vidonge tutapata wapi?"

Siku ilipofika alinifunga kitambaa cha kitenge juu ya uvimbe, tukavuka daraja kwa boda, yeye nyuma amenishika kiunoni.

Chumbani tulikuwa mimi na Sista tu. Alianza na swali ambalo mara ya kwanza halikuwepo: tangu tulipoonana, hali yangu imebadilika? Nikasema hapana. Vifungo, kwa shida kidogo. Ngazi, bila shida. Mzigo, hapana. Nilijibu haraka kuliko kawaida yangu, maana nilijua kila linalofuata. Kisha akanipa kalamu ya kuweka alama kwenye mstari, nikaipokea kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulibaki mapajani. Sikuweza kupima na kuandika kwa mkono mmoja, kwa hiyo niliilaza kalamu mezani, nikaweka kwanza vidole viwili kwenye mstari, nikakumbuka mahali kwa macho, ndipo nikashika kalamu.

Sista alivitazama vile vidole mpaka nikaona aibu.

"Nimewauliza watu wengi," alisema. "Hakuna aliyewahi kunipimia maumivu kwa vidole. Nani amekufundisha?"

Mimi si msemaji. Niliangalia mlango. Nje ya mlango, chini, vilionekana viatu vya mama.

Sista aliinuka, akaufungua, akamvutia kiti. "Karibu ndani, Mama."

"Mtoto yangu amekosea?"

"Hajakosea hata moja. Hiyo ndiyo shida."

"Shida gani? Majibu iko sawa, basi."

"Yako sawa mno. Hata mimi ukiniuliza leo kama nimechoka, ukaniuliza tena wiki ijayo, sitajibu sawa hivi."

"Sisi hapana watu ya kugeuza maneno. Uliza Gumbo yote."

Nilifikiri sasa tutafukuzwa. Sista akafunga jalada lake, akavua miwani. "Mama, unafikiri kwa nini nauliza mara mbili?"

"Kukamata mwongo."

"Nani alikuambia?"

"Kuambiwa ya nini? Tulikaa kambi."

Sista hakutoa hotuba. Akauliza, "Unauza nini sokoni?"

"Maharage. Unga. Sukari."

"Kwa mizani? Unajuaje kama mizani yako ni nzima?"

Hapo mama alinyooka kwenye kiti, kwa sababu sasa aliulizwa kitu chake. "Asubuhi naweka jiwe ya kilo. Naondoa. Naweka tena. Ikisema kilo, ikisema kilo, iko kwes, iko nzima."

"Na ukiweka kilo mbili, mizani ikaendelea kusema moja?"

"Hiyo ni mizani ya mwizi!"

"Basi karatasi hii ndiyo mizani yangu, na bado sijajua kama ni nzima. Mwanao akiwa vilevile, inatakiwa iseme vilevile. Akiumwa zaidi, inatakiwa ipande. Mimi simpimi yeye kama ni mwongo. Napima karatasi. Lakini leo kuna mtu ameshika mshale wa mizani kwa kidole."

Kushika mshale kwa kidole ni wizi wa sokoni ambao mama amewahi kugombana na majirani zake kwa ajili yake. Akapiga paja lake. "Ya Rabi! Kumbe mwizi ni mimi!" Alicheka, Sista akacheka, na kicheko kilipokwisha uso wa mama ulikuwa na hofu ileile aliyokuja nayo.

"Na akisema kweli, mnamtoa kwa vidonge?"

"Hatolewi. Akisema kweli, daktari yuko chumba cha pili, atautazama mkono leo hii."

Mama akanigeukia. "Sasa unangoja nini? Fungua kitambaa!"

Nilifungua. Sista hakuuminya mkono, aliuweka tu juu ya kiganja chake na kuutazama. Kisha akachukua karatasi mpya, tukaanza upya. Vifungo, siwezi. Kikombe, siwezi. Ngazi, kwa shida. Mama alikaa kimya, jambo ambalo si la kawaida, mpaka tukafika kwenye lile swali la mzigo.

Mbele yake nilitamani kusema hapana. Nikasema, "Ndiyo. Kila asubuhi."

"Wewe?" mama akaanza. "Wewe mzigo ya—"

"Mama," Sista akasema taratibu, "leo anaulizwa yeye."

Niliweka alama kwenye mstari bila kupima, ikatua mbali kupita katikati. Sista alinieleza kwamba karatasi zangu hazitakaa na za wale ambao hali yao haikubadilika. Zitaenda kwenye fungu la waliobadilika, nalo analihitaji vilevile, kwa maana karatasi isiyoona mtu akiumia ina faida gani. Daktari alinichoma sindano kwenye kifundo siku hiyohiyo na kubadilisha vidonge. Uvimbe ulipungua polepole. Daktari alisema ningeendelea kukaa na uvimbe ule kimya, kifundo kingeweza kupinda na kisirudi.

Tulirudi kwa boda, tukavuka daraja. Ndipo mama akasema sikioni mwangu, akipaza sauti juu ya kelele ya pikipiki, "Mimi nabeba gunia ya maharage mgongoni. Wewe mwenyewe gunia nusu hufiki. Mzigo gani?" Dereva wa boda akacheka bila kujua anacheka nini.

Sista bado anakuja. Siku hizi huniuliza kama kuna swali linalokosekana, na siku moja nilipata ujasiri wa kulisema moja. Kwetu watu husalimiana kwa kushikana mkono, na wengine hubana kweli kwa furaha. Mimi huficha wangu kwa sababu ya maumivu, nao huniona nina maringo. Nikamwambia aulize hilo: je, unaepuka kumpa mtu mkono? Aliliandika, akalisoma kwa sauti kwenye benchi, na yule mzee wa malori akasema, "Nani amekuambia habari zangu?" Sasa limo kwenye karatasi za majaribio. Nikilisoma pale, nasikia fahari ambayo sijui niiweke wapi.

Anasema maswali hayajatosha. Kwa hiyo ninyi mnaosoma, kama mna ugonjwa huu, au mnaishi na mtu anayeamka amekaza, niandikieni kupitia kwa waliochapa kurasa hizi. Niambieni mikono yenu inashindwa nini mahali mnapoishi, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiuliza. Nitasoma kila barua, na kila swali nitampelekea.