Jinsi Dada Yako Alivyoketi Mezani

Andika, mwanangu, kwamba sikusoma, lakini niliyoyaona kambini Usenge, kando ya ziwa, mwanzoni mwa miaka ya tisini, sikusimuliwa na mtu.

Dada yako alikuwa na miaka minane na hakuwa akisema. Siku hizi mnauita usonji. Wakati huo majirani zetu wa Otonglo waliuita majina mengine, nami sitayarudia. Kanisa liliandaa kambi ya likizo ya Agosti kwa watoto wa hali yake, nikajitolea kupika ili naye apokelewe. Mwalimu aliyeiongoza, mwanamke kijana kutoka Kisumu mjini, aliweka sharti moja. Kwa kuwa ziwa lilikuwa hatua chache kutoka mezani, mtoto ambaye baada ya siku tatu angekuwa bado hawezi kuketi mpaka chakula kiishe angerudishwa nyumbani. Sisi hatukuwa na pengine pa kumpeleka. Shule mbili zilikwisha kumkataa, zikisema hafundishiki.

Siku ya kwanza aliketi kidogo, na vijana wa kujitolea wakampigia makofi ya pongezi. Aliziba masikio, akakimbia kuelekea majini. Nilimfikia penye nyavu ambazo wanawake walikuwa wameanikia omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Alikuwa akilia. Nikamwacha achote omena kavu na kuzimwaga katikati ya vidole, maana hilo lilimtuliza siku zote. Kesho yake alikimbia mara nne, na mara zote nne nikamwacha achezee omena kabla ya kumrudisha.

Jioni mwalimu akanijia jikoni.

"Mama, usinikasirikie," akasema. "Unamlipa kwa kukimbia."

Nilikasirika. Nimelea watoto saba, na hapakuwa na mtu aliyewahi kuniambia kwamba nadekeza. Nikamwuliza kama alitaka nishike fimbo. Akasema hapana, omena zibaki zilezile, ila apewe akiwa ameketi, na apewe papo hapo. Nikaendelea kusonga ugali wangu. Hata hivyo niliona amesema kweli: mtoto hakuwa mkaidi, alikuwa ameshika barabara nilichomfundisha mwenyewe.

Siku ya tatu niliomba ungo wa omena kwa wanawake wale, nikaketi kando yake. Makofi yalipigwa marufuku. Alipokunywa mafunda matatu ya uji bila kuinuka, ungo ukamfikia mara moja, nami nikasema kwa sauti ya chini, "Umeketi vyema, nyathina, mwanangu."

Maneno hayo yalikuwa mazito kinywani mwangu. Sikuzoea kumsifu mtoto kwa kutimiza wajibu wake. Alipoinuka, niliufunika ungo. Hakugombezwa, wala hakupewa. Alilia sana asubuhi hiyo, nami sikulegea. Mchana alivumilia matonge sita. Jioni alimaliza sahani, na mwalimu akaniambia nisifunge mizigo.

Siku ya mwisho wazazi wa watoto wengine walifika, nami katika kuwapakulia nikasahau ungo kabisa. Nilipokumbuka, nafasi yake mezani ilikuwa tupu. Nikageuka kuelekea ziwani, kumbe yuko nyuma yangu. Alinishika kifundo cha mkono, akanivuta taratibu mpaka penye nyavu, kisha akasimama, mikono yake imeshuka, akingoja nimruhusu. Mtoto aliyeitwa asiyefundishika alikuwa ananiomba. Waliomwita hivyo hawakuwapo kuona. Ndiyo maana nataka uandike.