Elbo ya Kaka Athmani

Juzi, katika duka la vifaa vya ujenzi Kisauni, nilikuwa nikichagua bomba la plastiki na elbo, vile viungo vya kona, za tangi langu la samaki. Muuzaji akafungua kopo la gundi, na ile harufu ikanirudisha utotoni, uani kwetu.

Kaka yangu Athmani alikuwa ameunga kwa gundi mabomba ya tangi lake la samaki. Baba, fundi bomba, alimwahidi kumchukua kazini kama hayatavuja.

"Usiyaguse mpaka kesho," Athmani aliniambia, akaenda kuswali.

Nilinusa maungio. Harufu ilikuwa imekwisha, nami nikadhani harufu ikiisha gundi imekauka. Nikafungua maji niyasikie yakipita. Elbo ikafyatuka. Nikafunga maji, nikaifuta, nikairudishia kwa mkono bila gundi, nikanyamaza.

Kesho yake Athmani alifungua maji mbele ya baba, na elbo ikaruka hadi kwenye banda la kuku.

"Mkono huu si wa fundi, bwana," baba akasema. "Kauze mbatata."

Athmani hakushika bomba tena. Kila Idi nilimtembelea nikidhamiria kumwambia, tukaishia kuulizana afya. Mwaka huu nimemzika, naye bado akiamini kwamba mkono wake ulikuwa na kasoro.